Mfongo wako unakwenda mwendo gani?

Wazee waliochimba mifongo, ile mifereji ya kumwagilia ya Kilimanjaro, walitumia maji yenyewe kuwa pimamaji. Walichimba hatua chache, wakayafungulia, wakatazama. Yakisimama, mteremko umepungua; yakikimbia yakiwa mekundu kwa udongo, umezidi. Kwa kazi hiyo ya subira waliyatoa maji kwenye makorongo marefu, wakayazungusha ubavuni mwa mlima hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na penye bonde wakayavusha juu ya magogo yaliyochongwa katikati. Mifongo ilikuwa ikinywesha migomba na ulezi kabla Rebmann, mmisionari Mjerumani, hajaufikia mlima huo mwaka 1848.

Ndugu mkulima, mifereji mingi ninayoikagua inaharibika kwa jambo lile lile walilolichunga wazee: mwendo wa maji. Upime leo. Chukua kipande cha jani kavu la mgomba, ukubwa wa kiganja. Pima mita 10 mahali mfereji umenyooka, dondosha jani juu kidogo ya alama ya kwanza, halafu hesabu sekunde hadi lifike alama ya pili. Rudia mara tatu. Sekunde 20 hadi 30 ni mwendo mzuri kwa mfereji wa udongo. Chini ya 15, maji yanakula kingo. Zikizidi 35, tope linatua, magugu yanaota, na jirani wa mwisho analalamika kwamba ameibiwa zamu, kumbe maji yamekwama njiani.

Maji yakienda mbio, panga mawe sakafuni kama ngazi, kila ngazi fupi, ili yashuke kwa vituo. Yakienda polepole, fukua tope kwanza, lakini usichimbe kupita sakafu ya zamani. Mfereji ukizidi kina, maji yanabaki chini ya midomo ya michepuko na hayapandi tena shambani. Kwa mfereji mpya mdogo, mteremko wa mita 1 hadi 2 kwa kila mita 1,000 unatosha.

Tope hilo usilitupe. Engaruka, kaskazini mwa Tanzania chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kuna mabaki ya mashamba na mifereji ya mawe ya wakulima walioishi pale kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Sehemu ya mashamba yale iliumbwa na tope: walituliza maji nyuma ya kuta za mawe, udongo ukatua, shamba likainuka tabaka kwa tabaka. Kila nikiwaza jasho la kazi ile, naumia kuona tope zuri limerundikwa ukingo wa juu, ambako mvua ya kwanza italirudisha mferejini. Liweke upande wa chini likauke, kisha lipeleke kwenye mashina ya migomba.

Maji ya usiku nayo yanapotea bure. Wapare waliyakusanya kwenye ndiva, bwawa dogo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Kama zamu yako inaangukia saa nane za usiku, shirikianeni watu wachache mchimbe ndiva yenu, mkishindilia udongo wa mfinyanzi sakafuni na kandoni. Kumwagilia gizani ni kumwaga.

Kuhusu saruji: naiunga mkono, ila ianze penye mchanga na penye mivujo, na mteremko uwe umeshasahihishwa. Ukisakafia kosa, umelifanya la kudumu. Banioni, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, msikate miti wala kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria inakataza, na udongo wa hapo ndio unaojaza mfereji. Kibali cha kutumia maji kiombwe kwenye bodi ya maji ya bonde lenu.

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, uitwe kabla ya mvua, uanzie banioni kushuka, na wa mwisho kwenye mfereji awepo tangu banioni. Kazi ikiisha, dondosheni jani tena siku hiyo hiyo, na sekunde ziandikwe kwenye daftari la mfereji.