Tangi la Mstatili Linachukua Lita Ngapi?

Fundi anakwambia tangi la zege analokujengea huko Mabatini lina urefu wa mita 2, upana mita 1.5 na kimo mita 1.2. Unazidisha, unapata mita za ujazo 3.6, yaani lita 3,600. Hesabu ni sahihi, ila hivyo ni vipimo vya nje, na maji hayakai ndani ya ukuta.

Kuta zikiwa na unene wa sm 15, toa sm 30 kwenye urefu na sm 30 kwenye upana, kwa sababu kila kipimo kinapita kwenye kuta mbili. Kwenye kimo toa unene wa sakafu peke yake, tuseme sm 10, maana juu kuko wazi. Unabaki na sm 170 kwa 120 kwa 110. Kisha tazama bomba la kutolea maji yanayozidi: likiwa sm 15 chini ya ukingo, kina cha maji ni sm 95 tu. Sakafu iliyoinamishwa kuelekea tundu la kusafishia ipimwe kina kwenye pembe zote nne, halafu uchukue wastani.

Sasa badili vipimo kabla ya kuzidisha. Gawa kila kimoja kwa 10 upate desimita, kwani desimita moja ya ujazo ni lita moja kamili:

17 × 12 × 9.5 = lita 1,938

Karibu nusu ya zile 3,600 imeyeyuka. Ukigawa kwa ndoo ya lita 20 unapata ndoo 96 na lita 18 juu yake.

Ukizidisha kwa sentimita moja kwa moja unapata 1,938,000, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanagawa kwa 100 kwa kuwa mita ina sentimita 100, wanaibuka na mita za ujazo 19,380! Ujazo una pande tatu, kwa hiyo 100 inaingia mara tatu: gawa kwa 1,000,000 kupata mita za ujazo (1.938), au kwa 1,000 kupata lita.

Mafundi wa futi nao wana mtego huohuo. Futi moja ni sm 30.48, lakini futi moja ya ujazo ni kama lita 28.3. Tangi la ndani futi 4 × 3 × 3 ni futi za ujazo 36, sawa na lita 1,019 hivi.

Kujua maji yaliyobaki, zidisha urefu na upana tu: 17 × 12 = 204. Kila desimita ya kina ni lita 204, kila sentimita lita 20.4, ndoo moja na kidogo. Chovya fito iliyotiwa alama za sentimita, usome.

Sanduku la samaki pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, linapigwa hesabu hiyohiyo: ndani sm 80 × 50 × 40 ni 8 × 5 × 4, lita 160. Ila usiseme kilo 160 za barafu. Lita ya maji ina kilo moja. Lakini barafu iliyopondwa ina mianya ya hewa, hivyo lita yake haifiki kilo. Jaza ndoo ya lita 20 kwa barafu hiyo, pima, toa uzito wa ndoo, kisha zidisha kwa 8 (160 ÷ 20). Ndoo ikitoa kilo 11, sanduku tupu litameza kilo 88, na pungufu zaidi sangara wakishaingia.