Kujitengenezea Kitako cha Jiko la Makaa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Mombasa jiko la makaa huwekwa palipo na nafasi: juu ya kipande cha ubao uani, juu ya mkeka wa plastiki katika chumba cha kupanga, au sakafuni kwenye ujia wa ghorofa ya Mji wa Kale. Kitako ni bamba la kitu kisichoshika moto linalokaa kati ya jiko na sakafu, na kazi yake ni mbili. Ya kwanza ni kulizuia joto linaloshuka kutoka tako la jiko, na ya pili ni kuyapokea makaa yanayodondoka pembeni. Wengi huishughulikia ile ya kwanza peke yake kwa kutafuta kitu kinene cha kuweka chini, wakaisahau ya pili. Kwa maoni yangu upana wa kitako na hewa inayopita chini yake vina faida kubwa kuliko unene, na urembo wa vigae ni jambo la mwisho kabisa.

Makaa yaliyokolea hupita nyuzi 600 za selsiasi. Ubao uliokaribiana na cheche au ndimi za moto huweza kuwaka ukifikia nyuzi 250 hadi 300 hivi, lakini ubao uliopashwa joto kila siku kwa miezi mingi hukauka, ukageuka mweusi ndani kwa ndani, na hatimaye ukaweza kushika moto kwenye joto la chini ya hapo. Kwa hiyo anayesema kwamba ubao wake umekaa chini ya jiko miaka yote bila kuungua hajathibitisha usalama wake. Huenda ubao huo unaelekea huko polepole. Mkeka wa plastiki hauhitaji hata nusu ya joto hilo kuharibika. Sakafu ya saruji haiwaki, ila lipu yake hupata nyufa nyembamba na kubanduka pale jiko linapokaa kila siku.

Nchi za baridi, ambako jiko la kuni ni la kupashia nyumba joto, zina kanuni zilizoandikwa kuhusu jambo hili. Uingereza, jiko ambalo haliwezi kuipasha sehemu ya chini yake zaidi ya nyuzi 100 huruhusiwa kukaa juu ya bamba lisiloshika moto lenye unene wa milimita 12 tu, na jiko kali zaidi ya hapo hudaiwa msingi mnene wa mawe au zege. Marekani hutakiwa kwa kawaida nafasi ya inchi 16 hadi 18, yaani sentimita 40 hadi 46, mbele ya mlango wa jiko, kwa kuwa ndiko makaa yanakotokea. Vipimo hivyo ni vya majiko yaliyofungwa na haviwezi kuhamishiwa kwetu vilivyo, lakini fikra iliyo nyuma yake inatufaa: kitako hupanuliwa upande ule ambao moto hutokea.

Jiko letu la bati lenye bakuli la udongo hutoa moto mahali pawili. Kuna kijidirisha cha chini kinachopitisha hewa na kumwaga majivu, ambacho hutema cheche jiko linapopepewa, na kuna mdomo wa juu, anapofanyia kazi mpishi mwenyewe. Anayepika mkate wa kumimina, au anayepalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria ya biriani, huunyanyua mfuniko huo ukiwa na moto juu yake na kuutua pembeni, na hapo ndipo makaa mengi huanguka. Kitako kinacholingana na tako la jiko hakimsaidii mpishi huyo hata kidogo.

Kwa jiko la kawaida lenye upana wa sentimita 30 hivi, napendekeza kitako chenye sentimita 90 toka kushoto hadi kulia, sentimita 75 toka mbele hadi nyuma na unene wa sentimita 5. Jiko halikai katikati. Huachiwa sentimita 15 nyuma, 15 upande wa kushoto, 30 mbele ya kijidirisha, na 45 upande wa kulia kwa ajili ya mfuniko na koleo la makaa. Mpishi wa mkono wa kushoto ageuze. Bamba zima la vipimo hivyo lina uzito wa kilo 80 hivi, na kulipandisha ngazi za Mji wa Kale ni adhabu. Afadhali kulimwaga vipande viwili: kimoja cha sentimita 60 kwa 75, cha kubeba jiko, na kingine cha 30 kwa 75, cha kupokea makaa. Kile kikubwa hubebwa na watu wawili, kidogo hubebwa na mmoja mwenye nguvu, na kiungo chao hakiangukii chini ya jiko.

Uchaguzi wa vifaa unahitaji uangalifu zaidi ya kazi yenyewe. Jiwe la matumbawe liko kila mahali hapa pwani na bei yake ni nafuu, lakini ndilo lilelile ambalo tangu zamani hupangwa juu ya magogo kwenye tanuu na kuchomwa mpaka likawa chokaa. Joto la chini ya jiko halifiki la tanuu, lakini kaa jekundu linalotua juu ya jiwe hilo na kupulizwa na upepo huuharibu uso wake kidogo kidogo hadi ukatoa unga. Matumbawe yafaa ukuta, hapa yaachwe. Kokoto iwe ya jiwe gumu, ndogo isiyozidi milimita 10, na ukipata magae ya vigae vya udongo vilivyovunjwa kutoka paa la zamani, yaponde hadi saizi hiyo na kuyatia badala ya nusu ya kokoto, kwa sababu udongo uliokwisha kuchomwa huvumilia joto kuliko mawe mengi. Mchanga wa ufuoni usitumike hata ukioshwa mara moja, maana chumvi yake hubakia na kuula wavu wa chuma ulio ndani ya zege. Ununuliwe mchanga wa mto. Wavu nao uwe wa waya uliopakwa zinki. Karatasi za zamani za asbesto, ambazo bado huonekana zimeegemezwa uani kwa watu, haziungui kweli, lakini vumbi lake huleta saratani ya mapafu, kwa hiyo zisikatwe wala zisitobolewe kwa kazi yoyote ya nyumbani.

Zege la kitako hiki halizidi lita 35. Kilo 13 za saruji zinatosha, ambazo ni takriban lita 9, pamoja na lita 18 za mchanga na lita 27 za kokoto, yaani sehemu moja kwa mbili kwa tatu. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi mitaani hupima saruji kwa kilo, hivyo hakuna haja ya kununua mfuko mzima wa kilo 50 ambao unyevu wa Mombasa utaugandisha kabla ya kupata kazi nyingine. Tengeneza fremu mbili za mbao zenye kimo cha sentimita 5, uzilaze juu ya karatasi ya nailoni mahali palipo sawa kwa pimamaji, na upake mbao hizo mafuta ili zibanduke kwa urahisi. Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, kisha utie maji kidogo kidogo. Lita 6 au 7 zinatosha. Zege linapaswa kushikamana likifumbatwa mkononi, na anayeongeza maji ili kazi iwe laini ananunua nyufa. Mimina nusu ya kimo, laza wavu, mimina iliyobaki, ushindilie kwa kipande cha ubao hadi mapovu yaishe, kisha ulainishe kwa mwiko.

Kabla zege halijakauka, inua ukingo wa sentimita 2 kwenye pande za nje ili kaa linaloviringika lisitoke. Upande wa mbele uachwe wazi, la sivyo majivu hayatafagilika.

Saruji hupata nguvu kwa maji, si kwa jua. Wakati wa kaskazi, jua na upepo hulikausha bamba jembamba kama hili kwa saa chache, likapinda na kupasuka. Kwa hiyo lifunikwe kwa gunia bichi na kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7, kivulini. Baada ya hapo liachwe likauke lenyewe hadi zitimie siku 28 tangu kumwagwa. Haraka hapa ni hatari, kwa kuwa maji yaliyosalia ndani ya zege hugeuka mvuke yakipashwa ghafla na kuurusha uso wake vipande vipande.

Anayetaka uso wa kupendeza anaweza kubandika jiwe bapa la Mazeras kwa saruji ya sehemu moja kwa nne za mchanga, nalo hufanya kazi nzuri likiwa kavu. Vigae vyembamba vya dukani hupasuka chini ya jiko, hasa vikibandikwa kwa madoa ya gundi na kuacha uwazi chini yake. Kama ni lazima viwepo, vibandikwe kwenye kile kipande kidogo tu.

Juu ya sakafu ya saruji au ya udongo kitako hulazwa moja kwa moja. Juu ya ubao au mkeka wa plastiki lazima kiinuliwe, kwa sababu zege halizuii joto, hulichelewesha tu, na mapishi ya muda wa saa nne yatalifikisha chini. Tandaza kwanza karatasi ya bati bapa, ipite chini ya kiungo cha vipande viwili ili cheche itakayopenya isikutane na mkeka. Kisha panga vipande vya tofali vyenye kimo cha sentimita 4, vinne chini ya pembe za kila bamba na kimoja zaidi katikati ya lile kubwa, ukiacha pande zote wazi. Hewa inayopita hapo ndiyo inayoondoa joto. Ukiziba pande kwa saruji ili paonekane nadhifu umeiondoa faida yote. Katika nyumba za kale zenye sakafu ya boriti, weka kitako karibu na ukuta ambao vichwa vya boriti vimeegemea, si katikati ya chumba.

Moto wa kwanza uwe mdogo, wa kuchemsha chai tu, na wa siku zinazofuata uongezwe taratibu. Baada ya mapishi marefu ya kwanza, ingiza kiganja kwenye uwazi wa chini na uguse bati. Ukiweza kukituliza hapo bila kukiondoa, kitako kinafanya kazi. Kama hapashikiki, ongeza kimo cha vipande vya tofali, au weka chini ya jiko sinia la bati lenye majivu makavu ya sentimita 2, ambayo ni kizuizi kizuri cha joto na hayagharimu kitu.

Kitako huilinda sakafu peke yake. Hakizuii cheche zinazopeperushwa na kusi kuelekea paa la makuti, wala hakipunguzi hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inayotolewa na makaa, ambayo haina harufu na huua katika chumba kilichofungwa; jiko libaki mahali penye upepo wa kutosha, mbali na makuti yaliyoshuka. Makaa yaliyobaki yasizimwe kwa maji juu ya bamba lenye moto, kwa kuwa hakuna kinacholipasua upesi kama hicho, bali yatiwe kwenye chungu au debe la chuma lenye mfuniko. Ufa mwembamba usiopitiliza si tatizo. Ufa unaoingiza ukucha ni dalili ya kumwaga bamba jipya, na mara nyingi litakalotangulia kuharibika ni lile dogo la upande wa mkono, ambalo kulibadilisha ni kazi ya kilo 4 hadi 5 za saruji.