Somo: Litchfield kwa siku moja, watu wawili, bila haraka

Hifadhi ya Litchfield iko kusini mwa Darwin, katika jimbo la Northern Territory, Australia. Ni nyika ya kitropiki: miti ya mikaratusi, majani marefu makavu, na katikati yake maporomoko ambayo hayakauki hata kiangazi. Maji hayo yalinywewa na mawe ya mchanga ya uwanda wa juu, Tabletop Range, wakati wa mvua, na huachiliwa polepole kupitia chemchemi mwaka mzima.

Somo hili ni la mwenye gari dogo la kawaida na rafiki mmoja, kati ya Mei na Septemba. Kinachoharibu siku hii mara nyingi ni tamaa. Watu hupanga vituo vinane, wakarudi wamechoka na hawajakaa majini hata nusu saa. Vituo vinne vinatosha: vichuguu vya mchwa, maporomoko ya Florence pamoja na vibwawa jirani vya Buley, maporomoko ya Wangi, na maporomoko ya Tolmer.

Hatua ya 1: Jioni ya kuamkia safari

Fungua tovuti ya hifadhi za jimbo uone mabwawa yaliyofunguliwa. Usitegemee taarifa ya wiki iliyopita. Wakati wa mafuriko mamba wa maji chumvi hupanda na mito, kwa hiyo walinzi hukagua na kutega mitego kabla ya kuruhusu watu waogelee, na tarehe ya kufungua hubadilika kila mwaka. Asiye mkazi wa jimbo anunue kibali cha kuingia mtandaoni hapohapo.

Pima upepo wa matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Hakikisha tairi la spea lina upepo, na jeki na spana ya nati zimo. Jaza tangi Darwin. Mzunguko mzima ni kilomita 300 na ushee, na kituo cha kuongezea kwa uhakika njiani ni mji mdogo wa Batchelor.

Maji: lita 4 kwa kila mtu, na dumu la lita 5 libaki garini bila kuguswa. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono: chapati, mayai ya kuchemsha, matunda, karanga. Nyama na maziwa viwekwe kwenye kasha la barafu, kwa sababu gari lililoegeshwa juani huko huwa tanuri. Vaa raba zenye nyayo zinazoshika. Ndala huteleza kwenye mawe yenye ukungu, na wengi huumia hivyo.

Hatua ya 2: Barabarani

Ondokeni saa 1 asubuhi, kumeshapambazuka. Gizani wanyama jamii ya kangaruu hurukia barabara, na mikataba mingi ya magari ya kukodi hailipi ajali ya mnyama iliyotokea usiku. Fuateni Stuart Highway, kisha mkate kulia kwenda Batchelor, karibu kilomita 100 kutoka Darwin. Gari hupita kushoto kama kwetu.

Jihadharini na malori ya matrela, ambayo huweza kufika urefu wa mita 53.5. Piga hesabu: lori likienda kilomita 100 kwa saa nawe 120, ukihesabu na nafasi ya mbele na ya nyuma, kulipita huchukua kama sekunde 20, na katika sekunde hizo unakula mita 700 za barabara. Gari linalokuja mbele linakula nyingine kama hizo. Kwa hiyo unahitaji kuona barabara tupu ya kilomita moja na nusu. Usipoiona, kaa nyuma yake.

Hatua ya 3: Vichuguu vya mchwa, saa 2 na nusu

Mkishapita Batchelor na kuingia hifadhini, simameni hapa dakika 20. Vichuguu hivi ni bapa kama mawe ya kaburi, na vyote vimekaa kaskazini-kusini. Uwanda huo hujaa maji wakati wa mvua, hivyo mchwa hawawezi kukimbilia chini ya ardhi kukwepa joto. Badala yake hujenga ukuta ambao ubavu wake mpana hupata jua la asubuhi na la jioni, na saa sita jua hukuta ukingo mwembamba tu. Asubuhi ubavu wa mashariki unang'aa, na picha hutoka vizuri. Vile virefu vya mviringo vilivyo karibu ni vya mchwa wa aina nyingine. Msivuke uzio.

Hatua ya 4: Florence na Buley, saa 3 hadi saa 6

Hiki ndicho kiini cha siku, kwa hiyo msikibane. Egesheni Florence mapema kabla nafasi hazijajaa. Ngazi za kushuka bwawani ni zaidi ya mia. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kunakotoa jasho, basi msisubiri jua la utosi. Ingieni majini taratibu, mkipapasa mawe kwa mguu. Msiruke kutoka juu: miamba iliyozama haionekani, na gari la wagonjwa liko mbali.

Mkishapoa, fuateni njia ya miguu kandokando ya kijito hadi Buley Rockhole, mwendo wa nusu saa hivi. Buley ni vibwawa vinavyomiminikiana kama ngazi. Chagueni kimoja mkae, maji yawapige mgongoni. Mkirudi, rudini kwa njia ileile ya miguu.

Hatua ya 5: Wangi, kisha Tolmer

Wangi kuna kivuli, meza na vyoo, kwa hiyo mle chakula cha mchana hapo. Pumzikeni kabla ya kuogelea. Saa 9 alasiri geuzeni kurudi, mpitie Tolmer, ambako mtatazama tu kutoka jukwaani. Kuogelea kumepigwa marufuku ili popo adimu wanaoishi mapangoni humo wasisumbuliwe. Saa 10 muwe barabarani, maana mwezi wa Julai jua huzama karibu saa 12 na nusu.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Rafiki yangu hajui kuogelea. Tubadilishe ratiba?

Jibu: Hapana, ila mpe Buley muda mwingi na Florence kidogo. Achague kibwawa ambacho anaona chini yake na maji hayamzidi kiuno. Boya la sponji halitoshi peke yake, na wewe usiondoke karibu naye.

Swali: Nasikia kuna mamba wadogo wasio na madhara. Ni kweli?

Jibu: Wapo mamba wa maji baridi, wenye pua nyembamba. Kwa kawaida humkimbia mtu, lakini wakibanwa huuma. Hatari ni kujifunza kuwatofautisha na wale wa maji chumvi ukiwa tayari majini. Ogelea pale tu kibao cha siku hiyo kinaporuhusu, na usikanyage ukingo wa mto mwingine wowote njiani, hata kunawa mikono.

Swali: Kaka, likizo yangu ni Januari. Nisiende kabisa?

Jibu: Nenda kutazama. Maporomoko huwa na nguvu kuliko wakati wowote. Wangi hufungwa kwa waogeleaji, na Florence na Buley nako huweza kufungwa maji yakijaa. Maji yakivuka barabara, geuza gari.

Swali: Na Lost City, ile miamba ya mchanga inayofanana na magofu? Gari letu ni saluni.

Jibu: Njia yake ni ya mchanga na mawe, kama kilomita 10 kwenda tu, na inataka gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Saluni itakwama au itapasuka sampo (bakuli la mafuta chini ya injini), na mkataba wa kukodi huenda usikulipe.

Swali: Simu inashika?

Jibu: Batchelor ndiyo. Ndani ya hifadhi msitegemee. Pakueni ramani mapema, na mwachieni mtu Darwin saa mtakayorudi, mfano saa 12 jioni, na mpatane kwamba ikifika saa 2 usiku kimya, apige 000, namba ya dharura ya Australia.