Jinsi ya kujua kama chembe za sumaku za kusafishia maji zinaua vidudu vya bwawani

Njomba, ukimaliza kusafisha maji kwa zile chembe za sumaku (magnetaiti, nanometa 1 mpaka 100, jicho haliambulii kitu) usikimbilie kuyamwaga bwawani eti kwa vile yametakata. Sumaku haizoi zote, na zinazobaki viroboto wa maji wanazila, maana wao kazi yao kuchuja chochote kinachopita, zinajaa tumboni, zingine zinawaganda mwilini mpaka kuogelea kunawashinda.

Maabara wanatumia Dafnia (aina ya hao viroboto wa maji) wenye umri wa chini ya saa 24 kwenye nyuzi 18 mpaka 22, sasa hiyo baridi hapa Lindi utaitoa wapi kama huna AC? Chukua Moina, viroboto wa maji wa aina nyingine, wanahimili joto, ila usije ukalinganisha majibu yao na ya Dafnia. Wachote na kitambaa chepesi, jioni tenga majike yenye mayai, asubuhi unachukua watoto.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Ya kisima cha pwani yaonje kwanza, yakiwa na chumvichumvi achana nayo.

Kila kiwango cha chembe weka vikombe 4, kila kikombe vidudu 5, maji yasipungue mililita 2 kwa kila kidudu, na usiwalishe. Vikombe 4 vingine viwe maji matupu, hapo ndo wengi wanaruka halafu wanalaumu chembe kumbe maji yao yenyewe mabovu. Kama chembe zimepakwa kitu juu, hicho kitu nacho kipime peke yake.

Kuchanganya tumia kijiti cha kioo au plastiki, ile mashine ya kukorogea kwa sumaku hapana kabisa, chembe zote zitaenda kuganda kwenye sumaku na wewe utabaki unapima maji tu. Na zikiwa nyingi zinashikana zinazama, kwahiyo kikombe kikali kinaweza kuua wachache kuliko cha wastani, usishtuke, we andika zimezama saa ngapi.

Hesabu saa ya 24 na ya 48: tikisa kidogo, ambaye sekunde 15 zinapita hajaogelea, huyo mhesabu kuwa ameshindwa. Kwenye maji matupu wakizidi 2 kati ya 20, mwaga uanze upya. Na ukisema mwaga sio mtaroni, weka sumaku chini ya chombo mpaka chembe zitulie, mimina maji taratibu kwenye dumu la taka za maabara, tope lifungie kwenye chupa.