Jua ukoo wa mbuni kabla ya kuchukua mbegu

Mibuni miwili iliyopandwa mstari mmoja inaweza kufanana kama pacha, lakini mbegu za mmoja zikakupa shamba na za mwingine zikakupa vurugu.

Anza na aina kubwa. Arabika ina kromosomu 44, robusta 22. Arabika ni chotara wa kale wa robusta na mbuni mwitu uitwao eugenioides, na maua yake mengi hujichavusha yenyewe. Ndiyo maana miche ya SL28, aina ya arabika ya Kenya, humfuata mama. Robusta haijichavushi. Kila punje ina baba usiyemjua, kwa hiyo mkulima wa Kagera aliyeupenda mti mmoja asipande mbegu zake, achukue vikonyo. Akate machipukizi yaliyosimama wima tu: kikonyo cha tawi la pembeni hutoa mizizi vizuri, kisha hutambaa upande maisha yake yote, na hakuna kupogoa kutakakokinyoosha.

Kwenye arabika, tazama jani changa kabisa la nchani. Kijani huelekeza kwenye ukoo wa Bourbon, rangi ya shaba kwenye Typica. SL28 na SL34 zina majina ya kindugu kwa sababu tu zote zilitoka maabara za Scott huko Kenya. SL28 ni wa upande wa Bourbon, SL34 wenye ncha za shaba ni wa Typica. Usiishie kwenye rangi, maana Ruiru 11, aina nyingine ya arabika, hutoa zote mbili.

Kisha pima pingili. Shika tawi la usawa wa kifua, ruka pingili mbili za nchani, pima kumi zinazofuata kwa rula. Fanya hivyo kwenye miti mitano. Ruiru 11 ni fupi waziwazi kuliko SL28: imerithi jeni ya ufupi ya Caturra, arabika fupi, kupitia mama yake, Catimor.

Hapo ndipo wengi huumia. Ruiru 11 ni chotara wa kizazi cha kwanza, mbegu yake hutengenezwa kwa kuchavusha kwa mkono. Ukiokota mbegu chini ya mti huo, takriban mche mmoja kati ya minne utarefuka, na kinga ya magonjwa ya chulebuni (huozesha matunda) na kutu ya majani itatawanyika: mmoja anayo, jirani yake hana. Shamba lililopandwa mita 2 kwa 2 litasongamana, nawe utarudi kupiga dawa uliyodhani umeiaga. Nunua miche yake, au bebesha kikonyo chake kwenye shina la SL28 la zamani.

Kwa aina za arabika SL28, N39 au Batian, mbegu ya nyumbani inawezekana. Chagua miti ya katikati ya shamba la aina moja, kwani nyuki huleta chavua ya jirani kwenye mistari ya pembeni. Chuma matunda mekundu, menya kwa mkono ili usivunje punje, tupa zinazoelea na zile za duara zilizokaa peke yake ndani ya tunda. Osha ute, anika kivulini, wala usikoboe ganda la ndani. Panda ndani ya miezi michache. Uotaji hushuka haraka baada ya hapo.

Kitaluni, mche wenye pingili au umbo tofauti na wenzake ng'oa, hata kama ndio wenye afya kuliko yote.