Somo: Miguu inapowaka moto na wewe uko kwenye mashine

Huu ni mwaka wangu wa sita nasafisha damu kwa mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kisukari ndicho kilichotangulia, figo zikafuata kushindwa kazi. Somo hili namwandikia mwenzangu aliyekaa kitandani saa nane za usiku akiipepea miguu kwa kanga.

Hatua ya 1: Yatambue maumivu yako

Maumivu ya mishipa ya fahamu huanzia kwenye vidole vya miguu yote miwili, yakapanda polepole kama soksi inavyovutwa. Yanachoma, yanadunga kama sindano, hata shuka ikigusa tu unaruka. Chanzo ni kisukari, au sumu ambazo figo zimeshindwa kuzitoa. Kwa wengi wetu ni vyote viwili.

Shavu la mguu likikaza kama jiwe ukiwa kwenye mashine, huo ni msuli. Mara nyingi mashine inavuta maji mwilini haraka mno; mwite nesi. Miguu isiyotulia mpaka uinuke utembee ni tatizo jingine, pengine umepungukiwa madini ya chuma. Lakini miguu ikilegea ghafla ukashindwa kusimama, usingoje siku yako ya mashine. Potasiamu, aina ya madini kwenye damu, inaweza kuwa imepanda, nayo husimamisha moyo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Andika kwenye daftari kwa siku 7: saa ngapi, wapi, kwa kiasi gani kati ya 0 na 10, siku ya mashine au ya kupumzika. Daktari ana wagonjwa wengi, na "inauma tu" haimsaidii.

Hatua ya 2: Maliza saa zako

Ukipangiwa saa 4, kaa saa 4. Najua mgongo unavyochoka na daladala zinavyosumbua jioni, ila baadhi ya sumu hizi hutoka taratibu, na ile nusu saa unayoomba utolewe mapema ndiyo zinayoihitaji. Uliza pia kipimo chako cha Kt/V, kinachoonyesha kama damu yako inasafishwa vya kutosha. Kwa anayesafisha mara 3 kwa wiki kisipungue 1.2.

Hatua ya 3: Dawa

Hapa nakuomba usome mara mbili.

Gabapentini na pregabalini, dawa za maumivu haya ya mishipa ya fahamu, hutolewa mwilini na figo. Kwetu sisi dawa inabaki humohumo mpaka mashine iitoe. Mwaka wangu wa pili nilinunua gabapentini ya miligramu 300 kwenye duka la dawa mtaani, nikaambiwa moja mara tatu kwa siku. Siku ya tatu mikono ilianza kurukaruka yenyewe. Kikombe cha chai kilinidondoka mara mbili asubuhi moja, na nilikuwa nasinzia katikati ya sentensi. Nyumbani walidhani ni kiharusi. Nesi wa zamu ndiye aliyeuliza nimemeza nini. Baada ya kusafishwa mara mbili akili ikanirudia.

Leo, kwa maelekezo ya daktari wa figo, nameza miligramu 100 baada ya mashine, basi. Wengi wetu huanzishiwa hivyo, kisha daktari huongeza kidogokidogo. Ukiimeza kabla, mashine inaiondoa.

Amitriptilini ya miligramu 10 usiku huwafaa wengine, lakini hukausha mdomo, na anayepimiwa maji ya kunywa anajua hiyo maana yake nini. Kama una matatizo ya moyo, sema kabla hujaandikiwa. Duloksetini haishauriwi kwa figo zetu. Diklofenaki na ibuprofeni haziyasaidii maumivu haya. Zinaweza kumaliza hata ule mkojo kidogo uliobaki na kukutoa damu tumboni.

Hatua ya 4: Kagua miguu kila jioni

Weka kioo kidogo sakafuni, pitisha unyayo juu yake. Tafuta malengelenge, mpasuko, wekundu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, usitembee peku hata ndani. Mafuta paka, ila si katikati ya vidole. Maji ya moto na chumvi tunayoshauriwa na kila jirani, acha kabisa: mguu wenye ganzi unaungua bila wewe kujua.

Hatua ya 5: Usiku

Mimi huweka boksi la katoni miguuni, shuka ikapita juu yake isiniguse. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba kwa dakika chache hutuliza. Barafu hapana.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Shikamoo mama. Baba yangu mkono wenye fistula, ile mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili achomwe sindano za mashine, unamuuma na ni wa baridi, zaidi akiwa kwenye mashine. Ndiyo ganzi hii?*

Marahaba mwanangu. Hapana, yetu hushika pande zote mbili. Huenda fistula inachukua damu iliyopaswa kufika vidoleni. Mwambie nesi kabla hajaunganishwa tena. Vidole vikibadilika rangi au vikishindwa kusogea, mpeleke leo.

*Nameza vile vidonge vyekundu vya vitamini B viwili kila siku, mbona ganzi inazidi?*

B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu. Mwonyeshe daktari boksi lake, aone ina kiasi gani. Omba upimwe B12, hasa kama ulitumia metformini, ile dawa ya kisukari, miaka mingi. Ila kama uko kwenye dawa za kifua kikuu na umeandikiwa B6, usiiache.

*Nikipandikizwa figo, itaisha?*

Ile ya sumu hupungua kwa wengi, ingawa huchukua miezi. Ya kisukari cha miaka mingi haifutiki yote.

*Dada, mume wangu miguu ilimuwaka mwaka mzima. Mwezi huu imenyamaza bila dawa. Tushukuru?*

Mwambie afumbe macho, mguse vidole kwa kipande cha pamba, aseme umegusa wapi. Asipohisi, mdogo wangu, mishipa haijapona, imekufa. Sasa kidonda kitaingia kimyakimya. Mkague wewe mwenyewe usiku huu, anza na visigino na katikati ya vidole, na ukiona hata kipele, asubuhi muwe kliniki.