Kutengeneza Mapambo ya Bustani kwa Matawi Yaliyoanguka

Masika yanapoelekea ukingoni, viwanja vingi vya Moshi na vitongoji vyake huwa vimejaa matawi yaliyoangushwa na mvua na upepo: ya mgrivea uliopandwa kuukinga mbuni na jua, ya mjakaranda wa kando ya barabara, ya mparachichi ulioelemewa na matunda yake wenyewe. Mengi huishia jikoni kama kuni, na hilo si kosa. Hata hivyo, kabla hujayakata vipande vya kuingia kwenye mafiga, yapitie moja moja, kwa sababu baadhi yake yana panda na mikunjo ambayo seremala hawezi kuipata kwenye mbao iliyopigwa randa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyageuza kuwa mapambo matatu ya bustani, yaani ukingo wa tuta la maua, ngazi ya kutambazia mimea na kitako cha kuwekea chungu cha maua, na nimeyachagua haya kwa kuwa hayahitaji mashine ya umeme na pia kwa kuwa nimekwisha kuyakosea mara za kutosha kujua yanapovunjikia.

Yanavunjikia miguuni. Pambo la matawi linaweza kupigwa jua na mvua kwa miaka kadhaa bila kupoteza umbo, lakini pale linapogusa udongo, unyevu na mchwa hulimaliza kwa msimu mmoja. Tao langu la kwanza, lililopita juu ya njia ya kuingilia nyumbani, lilisimama vizuri tangu Julai hadi vuli ilipoisha. Mwezi Aprili mtoto aliliegemea tu likalala chini, na nilipotazama nguzo zake nilikuta ganda zima kwa nje huku ndani kumejaa udongo wa mchwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu ukaushaji na miguu, ingawa macho ya mtazamaji huenda kwenye mikunjo na maua.

Tuanze na uchaguzi. Tumia matawi yaliyoanguka katika kiwanja chako au cha jirani aliyekuruhusu. Mazao ya misitu ya hifadhi yanasimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na ni busara kuuliza kibali kabla ya kubeba hata tawi lililodondoka lenyewe. Tawi lililolalia nyaya za umeme usiliguse kabisa. Toa taarifa kwa shirika la umeme. Rundo lililokaa chini kwa siku kadhaa ligongegonge kwa mti mrefu kabla ya kuingiza mkono, maana nyoka hupenda kivuli cha namna hiyo.

Kati ya miti ya nyumbani, mpera ndio ninaoupendelea kuliko yote. Yeyote aliyekulia kijijini anakumbuka kwamba panda ya manati ilitafutwa kwenye mpera, kwa sababu mti wake ni mgumu, haupasuki ovyo, na panda zake huachana kwa pembe nzuri. Matawi ya mgrivea huwa yamenyooka na yanafaa kwa nguzo za ngazi. Ya muarobaini hayapendwi sana na wadudu, hivyo yatengee kazi zinazokaribia udongo. Ya mparachichi ni laini na hutobolewa upesi, kwa hiyo mimi huyaachia jiko. Usidanganywe na sifa ya mti mzima: msaji na mvule husifika kwa kudumu, lakini kinachodumu ni kiini chake cha rangi nzito, na tawi jembamba lina kiini kidogo mno, sehemu kubwa ikiwa ni ule mti mweupe wa nje ambao mchwa huula kama wa mti mwingine wowote.

Mnyaa usiutumie hata ukiwa na umbo la kuvutia, kwa kuwa utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia machoni unaweza kuleta madhara makubwa. Utomvu wa mwembe nao huwasha ngozi za watu wengi, hivyo vaa glavu. Mbono nao una tabia yake: kigingi kibichi cha mbono ukikichomeka ardhini kitachipua na kuwa mti, jambo ambalo ni zuri kwa anayetaka ua lakini si kwa anayetaka pambo.

Baada ya kuchagua, tenga mafungu mawili. Fito nyembamba, zisizozidi unene wa kidole, zisukwe mbichi, ndani ya siku mbili au tatu tangu kuanguka, kwa sababu zikikauka hukatika badala ya kupinda. Matawi manene, yatakayopigiliwa misumari au kubeba uzito, yanahitaji kukauka kwanza. Mti mbichi husinyaa kadiri unavyokauka, na kiungo ulichokikaza leo kitalegea baada ya miezi miwili, hata kama fundi aliyekifunga ana mikono ya chuma.

Ukaushaji hauna siri. Ondoa magamba, ambayo hutoka kwa urahisi tawi likiwa bado bichi, kwa kuwa wadudu hutaga na kujificha chini yake. Paka ncha zote mbili mabaki ya rangi au nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na tofauti hiyo ndiyo inayoleta mipasuko. Kisha yapange matawi juu ya matofali, chini ya paa, penye upepo na pasipo jua kali, yakiwa yameachana ili hewa ipite. Kwa tawi lenye unene wa kifundo cha mkono mimi husubiri miezi mitatu ya kiangazi. Asiyetaka kubahatisha atumie mzani: apime tawi moja kila wiki na kuandika uzito wake kwa mkaa ukutani, na uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili au tatu mfululizo, tawi limekauka kadiri hewa ya mahali pale inavyoruhusu. Kuvu wanaoozesha mti hawastawi kwenye mti ulio na unyevu wa chini ya asilimia 20, na ndiyo maana mti uliokauka vizuri na kubaki mkavu haulainiki.

Sasa kazi yenyewe, na kwanza ukingo wa tuta, ambao ni kazi ya fito mbichi. Aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikifungwa fito kabla ya kukandikwa atauelewa mara moja, ila hapa fito hazifungwi, zinasukwa. Kata vigingi vya sentimita 45, vichonge ncha kwa panga, na uvipigilie sentimita 20 ardhini kando ya tuta, kila kimoja kikiwa umbali wa sentimita 25 kutoka kwa mwenzake. Kama tuta ni la mviringo, hesabu ya vigingi iwe witiri, kwa mfano 13 au 15, kwani hapo ufito ukizunguka mara moja utarudi kwenye kigingi cha kwanza kwa upande wa pili, na ususi utajipanga wenyewe. Ikiwa shufwa, kila mzunguko utapita palepale ulipopita wa chini yake na hakuna kitakachoshikana. Tuta lililonyooka halina sharti hilo, mradi kila safu mpya ianzie upande ulio kinyume na safu iliyotangulia.

Pitisha ufito mbele ya kigingi kimoja na nyuma ya kinachofuata, ukiusukuma chini kwa kiganja baada ya kila vigingi vitatu. Ufito una shina nene na ncha nyembamba, kwa hiyo ukianzisha safu moja kwa shina, anzisha inayofuata kwa ncha, vinginevyo ukingo utapanda upande mmoja kama meli inayozama. Kiungo cha fito mbili kiwe nyuma ya kigingi, fito zote mbili zikipitana kwa urefu wa vigingi viwili. Ukifikisha kimo cha sentimita 25, kata mabaki yanayochomoza, na ukingo umekwisha. Hapa vigingi vinagusa udongo na hakuna namna ya kulikwepa hilo. Wengine huchoma ncha hadi ziwe nyeusi kabla ya kuzipigilia. Nimejaribu na sikuona tofauti kubwa. Tumia muarobaini, na uwe tayari kubadilisha kigingi kimoja kimoja kinapooza, bila kuufumua ukingo wote.

Ngazi ya kutambazia mimea inafaa kwa pesheni, maharage ya kutambaa au ua lolote lenye vikonyo vya kushikia. Chagua matawi mawili makavu ya mita 2, yenye unene usiopungua sentimita 5 upande wa chini, na ambayo yamepinda kwa namna inayofanana. Yalaze sakafuni yakiwa yameachana sentimita 50 chini na sentimita 30 juu. Vipago saba vitatosha, cha kwanza kikiwa sentimita 20 kutoka chini na vingine kila baada ya sentimita 25. Usivikate vyote kwa urefu mmoja, acha vingine vichomoze kidogo nje ya nguzo na kimoja au viwili viwe na panda, kwa sababu uzuri wa kazi hii uko katika kutolingana kwake. Toboa tundu kwa keekee kabla ya kupigilia msumari, na uibutue ncha ya msumari kwa kuigonga nyundo mara moja. Msumari butu husagasaga nyuzi za mti, ilhali ule mkali huzitenga na kuleta mpasuko.

Juu ya msumari zungushia waya. Waya mweusi wa kufungia nondo ni rahisi lakini hushika kutu upesi, kwa hiyo ongeza fedha kidogo ununue ule uliopakwa zinki. Kamba ya katani inapendeza zaidi, nami huiweka juu ya waya kama vazi. Yenyewe peke yake huoza ikinyeshewa misimu miwili.

Miguu ya ngazi ndiyo kazi ninayoomba usiifanye kwa haraka. Nunua vipande viwili vya nondo ya milimita 12, kila kimoja sentimita 60. Funga waya kwa kukaza kuzunguka mwisho wa kila nguzo ili isipasuke, kisha toboa katikati ya kitako chake tundu la milimita 12, kina cha sentimita 15, ukimwomba mtu mwingine asimame pembeni na kukuambia kama keekee inakwenda upande, maana aliyeishika haoni. Nondo ina matuta, hivyo itaingia kwa kubana. Igonge taratibu mpaka ifike mwisho wa tundu. Ukiisimamisha ngazi, zamisha sentimita 40 za nondo ardhini, na utabaki na sentimita 5 za chuma kitupu kati ya mti na udongo. Mchwa akitaka kupanda atalazimika kujenga njia yake ya udongo juu ya chuma, mahali pa wazi, nawe utaiona na kuikwangua. Kila asubuhi unapomwagilia, jicho lipite hapo.

Kitako cha chungu kinafuata hekima ya mafiga: miguu mitatu haitikisiki hata ardhi ikiwa na mabonde. Laza matawi matatu ya sentimita 80 sambamba, pitisha kamba au waya juu ya la kwanza, chini ya la pili na juu ya la tatu, urudi hivyohivyo mara sita, kwenye sentimita 50 kutoka chini. Kisha zungushia mara mbili kati ya tawi na tawi ili kubana. Usikaze kupita kiasi, kwa kuwa bado hujaifungua miguu. Ukiifungua, lile la katikati likienda nyuma na mawili mbele, fundo litajikaza lenyewe. Piga vipago vitatu chini ya fundo kuunganisha mguu na mguu, la sivyo uzito utaitawanya. Chungu kinakaa kwenye panda inayofanyika juu. Udongo uliolowa wa kujaza ndoo ya lita 10 unaweza kufika kilo 15 na zaidi, basi jaribu kwanza kwa ndoo mbili za maji kabla ya kuweka chungu unachokipenda. Chini ya kila mguu weka jiwe bapa.

Kuhusu kupaka, watu wengi hutumia oili chafu ya magari kwa sababu ni ya bure na mchwa haipendi. Siishauri karibu na mboga wala kisima, kwani ina masalia ya metali na hushuka ardhini na mvua. Mafuta ya linsidi, yanayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, yanatosha: paka mkono mmoja mwembamba, futa yanayobaki juu, subiri yakauke, rudia. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje hadi vikauke kabisa, kwa sababu vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kupata joto na kuwaka bila kiberiti. Vanishi inang'aa siku za mwanzo, lakini kwenye jua la nje hubanduka, na maji hunaswa chini yake.

Kila mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, tikisa kila pambo kwa mkono, kaza nyaya zilizolegea, kwangua njia za mchwa kwenye nondo, na chomachoma vitako vya nguzo kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila nguvu, nguzo hiyo itolewe siku hiyohiyo na kupelekwa jikoni, na nafasi yake ichukuliwe na ile uliyoianika juu ya matofali tangu Juni.